Baba Mkubwa Kwenye Kiti Changu

Ukoo wetu wote ulikuwa na sanduku moja la posta, na ufunguo alikaa nao baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Barua ikiingia, iwe yako iwe ya nani, aliifungua yeye palepale posta, akaisoma, ndipo akaileta nyumbani Mjimwema na kutusomea kwa sauti baada ya chakula. Hakuona ubaya wowote. Na sisi hatukuuona, mpaka siku ulipokuwa na barua ya kwako kweli.

Ndiyo maana intaneti ilipofika Majengo niliikimbilia. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, kompyuta chache zimebanana, na jenereta uani kwa ajili ya siku za kukatika umeme, ambazo Songea ile hazikuwa haba. Nilikuwa na mtu wangu. Kwao ni Nakapanya, tulijuana nilipokwenda Tunduru mazoezi ya kufundisha, na baadaye akahamia Mtwara kwenye biashara ya korosho. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki wa nyumba ambayo rozari haikosi hata mvua inyeshe vipi. Tulilijua hilo, hatukuwa watoto. Tulisema wazee watakaa, wataongea, yataisha. Kwa hiyo tuliandikiana kwa imeili, mahali ambapo ufunguo nilikuwa nao mwenyewe. Ndivyo nilivyodhani.

Siku moja nilikuta ameandika: "Wazee wangu wamekubali. Msimu ukiisha watakuja Songea kuleta posa. Wewe nijibu tu, wafunge safari."

Jamani, nilicheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa ndiyo kwanza naweka vidole niandike, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Baba mkubwa, na koti lake la Jumapili, kofia mkononi. Mwanawe wa Dodoma alikuwa amemwambia kuna ujumbe wake kwenye mtandao, naye amekuja kuuchukua.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe na wewe uko huku."

Viti vyote vilikuwa na watu. Hebu niambie, wewe ungebaki umekaa? Kwetu mtoto hakai mzee akiwa amesimama. Mimi nilikuwa nimeshainuka hata kabla hajaitikia, na wakati nainuka nikabonyeza ule msalaba mdogo wa pembeni, ukurasa ukapotea. Tulijua huko ndiko kufunga. Wote pale tulifanya hivyo! Nani alitufundisha kwamba ukurasa ukipotea akaunti yako inabaki inakusubiri, mpaka ubonyeze lile neno la kutoka kule juu? Hakuna. Tulionyeshwa kuingia, basi.

Dada aliyekuwa akihudumia alimkalisha mzee, akafungua ukurasa uleule ambao mji mzima ulikuwa na imeili zake. Kompyuta ilipaswa kumwuliza jina na neno la siri. Haikuuliza kitu. Nikamsikia anasema, "Karibu mzee, iko tayari," huku akigeuka kumhudumia mwingine. Baba mkubwa akaniambia niende nyumbani nikamsaidie mama. Nikaenda zangu, moyo mweupe, nikijua nitajibu kesho.

Kesho yake umeme haukuwapo na jenereta haikuwa na dizeli. Pale pakafungwa mpaka nikakonda. Walipofungua nilikwenda mbiombio, nikakuta nimeshajibiwa barua ambayo sikuiandika.

"Shikamoo baba mkubwa. Nimeyapokea maneno yako. Nimewaambia wazee wangu wasije. Naomba radhi kwa usumbufu."

Nikaangalia zilizotumwa. Ilikuwepo, herufi kubwa tupu: MIMI NDIYE BABA MKUBWA WAKE NA NDIYE MPOKEA POSA. BINTI HUYU NI MKRISTO. MWACHE. AMANI IWE NAWE.

Nikamwita yule dada. Akashika mdomo. "Yule mzee alikaa hapo mpaka jioni anasoma, moja baada ya nyingine. Nikamuuliza, mzee, ni zako hizo? Akasema ni za nyumbani."

Nilirudi Mjimwema naungua. Nilimkuta barazani na wala sikumwamkia, jambo ambalo sijawahi kulifanya tena. Nikamuuliza alipata wapi ruhusa. Wala hakukasirika! Angekasirika ningepata afueni.

"Ilikuwa wazi, mwanangu," akasema. "Barua ya mtoto wangu iko wazi mbele yangu, niache kuisoma? Nikiacha mimi atasoma nani?"

Mama akanivuta kitenge, akaniingiza ndani kabla sijasema la kusema. Nililia mpaka nikachoka.

Nikamwandikia mtu wangu. Nikamweleza yote, kiti, msalaba, mzee. Akajibu: "Shikamoo baba mkubwa. Tafadhali usinijaribu. Nimeshaacha."

Loh! Nikafungua akaunti mpya, huko hakujibu kabisa. Nikafikiria posta, lakini jibu lingepita mikononi mwa nani? Kwenda mwenyewe, masika ilikuwa imeshaila barabara ya Tunduru, malori yanalala njiani. Na simu hakuwa nayo yeye wala mimi.

Ikabaki kumthibitishia kwamba ni mimi. Nikarudi kwenye akaunti ya zamani, nikamwandikia mambo yetu wenyewe: siku basi lilipokwama tukashinda kando ya njia tukila mihogo ya kuchoma, jina la utani alilonipa siku hiyo, na alichoniambia tulipoagana. Nikaandika na machozi yananitoka, na watu wa viti vya jirani wananitazama, sikujali.

Jibu lake lilikuwa fupi, na la heshima kama alivyokuwa mwenyewe. "Mzee, hayo yote nilimwandikia yeye humu, nawe umeyasoma. Mwambie namtakia heri."

Nikapekua kichwa kutafuta jambo hata moja ambalo hatukuwahi kuandikiana. Halikuwapo.