Tone la Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kazini, Kasulu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, sikupewa koti jeupe wala sikuruhusiwa kugusa hadubini. Nilipewa kigoda mlangoni pa maabara, nikaambiwa nimuulize kila mwanamume anayeingia swali moja tu: amekojoa saa ngapi. Nilikuwa nimetoka shule, viatu vimepakwa rangi, na mama alikwisha tangaza kanisani kwamba mwanawe anakwenda kuwa daktari. Kila nilipouliza, masikio yaliniwaka moto.

Wanaume wale walikaa kwenye benchi la pembeni, mbali na akina mama wenye watoto. Hakuna aliyesema kilichomleta. Wote waliumwa kiuno.

"Na wewe shemeji, kiuno?" mmoja alimuuliza mwenzake asubuhi hiyo.

"Nilianguka na baiskeli."

"Baiskeli hiyo nami naifahamu. Inakaa nyuma ya soko."

Benchi zima lilicheka, kisha likanyamaza ghafla, kila mtu akitazama miguu yake. Kicheko cha namna hiyo nilikuja kukisikia miaka yote ya kazi yangu. Kilikuwa kifupi, na mwisho wake ulikuwa hofu.

Mkuu wetu, tuliyemwita Bwana Maabara, alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye jicho moja lililozoea kufumba kwa sababu ya kuchungulia. Jioni aliniita. "Umekasirika kwa sababu nimekupa swali la mkojo," alisema. "Sikiliza, kijana. Usaha wa kisonono hujikusanya usiku kwenye njia ya mkojo. Asubuhi, kabla mtu hajajisaidia, lipo tone. Akikojoa, tone limekwenda, na wadudu wamekwenda nalo. Utatazama kioo kisafi, utasema mtu ni mzima, naye anaoza. Usipouliza, kioo kitakudanganya."

Nilipofuzu kushika kioo nilijifunza mengine. Tone huguswa kwa kipande cha kioo, likatandazwa, likakaushwa juu ya moto wa spiriti. Kisha huja rangi ya zambarau, halafu iodini, halafu spiriti ya kuosha, na mwisho rangi nyekundu. Wadudu wa kisonono hukataa zambarau na kupokea wekundu. Hukaa wawili wawili ndani ya chembe za usaha, kama punje mbili za maharage zilizogeuziana matumbo. Hatukuwa na umeme wa kutegemea. Hadubini ilikuwa na kioo cha kunasa jua, na mawingu ya masika yakishuka juu ya vilima, kazi ilisimama. Tulikaa tukisubiri anga ifunguke, na wanaume wa benchini walisubiri nasi.

Kaswende ilikuwa na ujanja wake. Huleta kidonda kimoja kisichouma, nacho hupona chenyewe, mtu akaenda zake akidhani mizimu imemsamehe. Hiyo tuliitafuta kwenye damu, tukitikisa matone yake juu ya sahani mpaka vipande vidogo vijikusanye. Lakini kidonda kikiwa kipya, damu huweza kukaa kimya, kwa hiyo tulimwambia mtu arudi baada ya majuma kadhaa. Pangusa, ugonjwa wa tatu wa zinaa, yenyewe iliuma vibaya, vidonda vingi, na mara nyingine mtoki ukavimba kinenani kama yai. Na walikuwapo wasioona dalili yoyote, wakabeba ugonjwa kimya kimya. Wanawake ndio waliokuwa hivyo zaidi. Mume anachechemea, mke anapalilia maharage, na wote wawili ni wagonjwa.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa Kibondo, na kutoka huko nikapelekwa kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Mabamba. Jina lake halina kazi hapa, na majina ya watu nimeyabadili. Kutoka dirisha la maabara ungeweza kuona vilima vya Burundi, vya buluu asubuhi, vyeusi jioni. Nilikuwa peke yangu na hadubini. Mkuu wa kituo, Bwana Mganga, alikuwa mtu wa sauti nzito aliyependa mambo yaliyokatwa. "Niandikie ndiyo au hapana," alikuwa akisema. "Penisilini yangu haitoshi watu wa labda."

Wagonjwa walikuwa wengi, na mimi nilikuwa nimekwisha heshimiwa. Watu walivua kofia waliponipita njiani. Sijui ni siku gani niliacha kuuliza lile swali. Lilikuwa swali la mtu wa mlangoni, nami sikuwa tena mtu wa mlangoni.

Mwisho wa kiangazi alikuja Bukuru. Alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge huko Tanga, ambako wanaume wa kwetu walikwenda kwa mikataba. Alikuwa na viganja vigumu na shati jeupe la kanisani, limepigwa pasi. Alifunga mlango kabla ya kunisalimu.

"Mwakeye, Daktari," alisema. "Kuna kitu kinatoka asubuhi. Kidogo tu. Kilianza kwenye treni, kikaisha, kimerudi."

Nilimwambia avue. Hapakuwa na tone. Nilikamua, nikapata unyevu kidogo, nikautandaza kwenye kioo. Jua lilikuwa kali siku hiyo, na mwanga ulikuwa mzuri. Nilitafuta pembe hadi pembe. Hapakuwa na usaha wala punje za maharage.

"Huna kitu," nikamwambia.

"Kweli, Daktari? Mke wangu ana mimba, miezi saba. Nisije nikamletea ubaya."

Nakumbuka nilikuwa ninafuta lenzi kwa kitambaa, na sikuinua kichwa. "Ndugu, kioo hakisemi uongo."

Nikamwandikia cheti: hakuna ugonjwa wa zinaa. Nikatia saini. Bwana Mganga akakisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akahifadhi penisilini yake. Bukuru alikikunja cheti mara nne, akakitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Mvua zilipochanganya, Sabina, mkewe, alijifungua nyumbani. Waliojifungulia kituoni, watoto wao walitiwa dawa ya matone machoni mara tu walipozaliwa. Huyu alitiwa maziwa ya mama machoni, kama ilivyokuwa desturi macho ya mtoto yakianza kunata. Siku ya tatu kope zilivimba. Siku ya tano zilifungana. Mto ulikuwa umefurika, na walipoweza kuvuka ilikuwa siku ya tisa.

Bwana Mganga alizifunua kope kwa vidole viwili. Usaha ulitiririka mpaka kwenye sikio la mtoto. Chini yake mboni zilikuwa nyeupe, kama ukungu wa asubuhi bondeni, ila ukungu ule haukuwa wa kuondoka.

Nilichukua usaha, nikaupaka kioo, nikakisogeza kwenye mwanga. Walikuwapo, wekundu, wawili wawili.

Nilitoka nje. Bukuru alisimama chini ya paa, maji yakimdondokea mabegani. Nilimuuliza, nikiwa nimechelewa kwa miezi miwili, swali la siku yangu ya kwanza kazini.

"Siku ile ulipokuja kwangu, ulikuwa umekojoa saa ngapi?"

Alinitazama kama niliyerukwa na akili. "Nilipoamka. Halafu tena njiani, nikaoga mtoni, nikajikamua mpaka pakakauka. Daktari, mtu anakwendaje mbele ya mkubwa na uchafu wake? Wewe ungekwenda hivyo kwa mkweo?"

Ndiyo. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mwanamume wa Kiha haendi kwa mtu anayemheshimu bila kujisafisha, na aibu inapozidi, usafi nao unazidi. Wote walikuwa wakioga. Wangapi niliwaandikia kwamba ni wazima? Sikuthubutu kuhesabu.

"Kwa nini unauliza?" Bukuru alisema. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa cheti changu, kimelainika kama kitambaa. "Bwana Mganga amesema macho ya mtoto ni ugonjwa wa zinaa wa wazazi. Mimi ninacho cheti. Mimi ni mzima. Basi huyu mwanamke ameutoa wapi?"

Sabina alikuwa mlangoni, mtoto kifuani. Alisikia. Alinitazama mimi, si mumewe, kama mtu anayemtazama shahidi.

Nilirudi ndani. "Bwana Mganga, cheti kile kilikosea," nilisema. "Sikumuuliza. Nataka kumwambia."

Aliweka kalamu chini polepole. "Wote watatu watachomwa sindano. Dawa wanapata. Unataka nini zaidi?"

"Anamshuku mke wake."

"Kijana, ukikana cheti kimoja, nani ataamini vingine? Kesho hakuna atakayekuja hapa. Andika kwamba walichelewa kumleta mtoto. Si walichelewa?"

"Walichelewa."

"Basi andika."

Niliandika. Lilikuwa neno la kweli, na hakuna uongo nilioandika maishani mwangu uliokuwa mzito kama ukweli ule. Niliwapiga sindano kwa mkono wangu mwenyewe. Bukuru alikubali shingo upande, akisema ni kinga tu. Nilimwona Sabina akishuka kilima nyuma yake, umbali wa hatua kumi, khanga ya mtoto imeloa. Kabla ya maharage kukomaa wazee wa Bukuru walikaa, cheti kikapita mkono kwa mkono, kikasomwa na mwalimu wa shule kwa sauti. Sabina akarudishwa kwao Kitanga, na mtoto wake, Tereza.

Nilirudishwa Kasulu miaka michache baadaye. Bwana Maabara alikuwa amestaafu, na kiti chake kikawa changu, pamoja na jina lake. Jambo la kwanza nililofanya ni kurudisha kigoda mlangoni, na wa kwanza kukikalia nilikuwa mimi mwenyewe. Vijana wa maabara walicheka. "Mzee kaanza upya," walisema. Nilimuuliza kila mwanamume. Aliyekojoa nilimwambia arudi kesho alfajiri bila kuoga, bila kujisaidia, na aje na mke wake. Aliyetoka mbali nilimwambia abane mkojo kwa muda wa saa nne, akae hapo hapo. Na kama kioo kilikuwa kisafi lakini maneno yake yalikuwa na tone, niliandika: sikuona, ila mtu huyu atibiwe.

Siku moja ya soko Sabina alipita na kapu la mihogo kichwani. Mtoto wa miaka minne hivi alishika pindo la khanga yake. Nilitoka mbio kama mwizi aliyeonekana. Nilimweleza yote palepale, kando ya barabara: tone, mto, swali, cheti.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ulidhani sijui?" alisema. "Mimi nilimjua mwanamume mmoja tu. Sikuhitaji kioo. Wasiojua ni wao."

Juma lililofuata niliomba ruhusa, nikaenda kwa Bukuru. Alikuwa ameoa tena. Alinipa kiti, akanikaribisha ugali na dagaa wa mawese, na aliposikia nilichokuja nacho akaacha kula.

"Wazee wawili waliokaa siku ile wamekufa," alisema. "Waliobaki niwaambie nini?"

"Waambie ulikuwa wewe."

"Wewe ndiye uliyesema si mimi." Hakupandisha sauti. "Uliniandikia. Mimi sikujiandikia."

Nilinawa mikono, nikaaga. Nilipofika Kasulu nilichukua karatasi, nikaandika cheti cha pili: kwamba cha kwanza kilikosea kwa uzembe wa mpimaji. Kwamba ugonjwa ulitoka kwa mume. Kwamba Sabina hakuleta chochote nyumbani mwake. Nikatia saini, nikapiga mhuri, nikampelekea Kitanga. Mhuri ule haukuwa na idhini ya mtu yeyote. Sabina alikipokea kwa mikono miwili, akakitia kwenye kopo la kahawa. Kwa Bukuru hakikufika kamwe. Sabina hakuwa na nia ya kurudi kule. Alitaka tu kiwepo.

Sasa nimestaafu siku nyingi, na nyinyi mnaosoma haya mna vipimo ambavyo mkojo wenyewe wa kwanza hutosha, na mashine huona kile jicho langu halikuona. Ninafurahi kwa ajili yenu. Lakini mashine haiwezi kujua kwamba mtu aliyeketi mbele yako ameoga mara tatu kwa aibu, wala kwamba mkewe anangoja nyumbani neno utakaloandika. Ulizeni. Ulizeni hata mkionekana wajinga. Na wewe mwanamume unayesoma hapa, nenda ulivyo. Uchafu wako ndio ushahidi wako, na pengine ndio macho ya mwanao.

Sabina alikufa. Tereza anaishi peke yake pale Kitanga, anasuka vikapu, na nyumba yake aijua kwa vidole. Mara moja kwa mwaka, mahindi yakishavunwa, mimi hupanda gari mpaka njia panda na kutembea kipande kilichobaki. Tereza hunipa kigoda. Tunazungumza mvua, bei ya maharage, magoti yangu. Kisha hunyoosha mkono darini, akashusha kopo.

"Nisomee, Bwana Maabara."

Karatasi imekuwa ya njano, na wino umekufa. Pale penye mhuri pana duara hafifu, basi. Ninaisoma yote, neno kwa neno, kama ilivyokuwa, naye husikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hajawahi kuniuliza habari za macho yake. Huuliza swali moja tu, kila mwaka.

"Jina la mama bado lipo?"

Mimi huivuta karatasi karibu na mwanga wa mlangoni.

"Lipo," humwambia.