Mluzi Kwenye Chumba cha Panya

Kama kuna mtu aliyeumbwa asijue kuiba, ni Bi Mluzi. Huyu hata sindano ya kuazima huirudisha kesho yake, tena na uzi juu.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza panya katika maabara inayochunguza maumivu. Aliosha vizimba, akabadilisha maranda, akapeleka panya mezani na kuwarudisha. Jina walilomwita lilitokana na mluzi wake wa sauti mbili, moja juu, moja chini, aliompigia kila panya anaporudi kizimbani baada ya kupimwa, pamoja na mbegu ya alizeti. Maana yake ilikuwa moja: yamekwisha, pumzika.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Daktari, mama wa makamo mwenye haraka, alimdunga panya mofini, akangoja nusu saa, kisha akaelekeza taa ya moto kwenye mkia. Panya asiye na dawa huuvuta mkia sekunde ya tatu. Mwenye dawa hutulia mpaka ya kumi, kisha taa huzimwa asiungue.

Sasa wiki tatu mfululizo panya waliodungwa dawa walivuta mikia sekunde ya tatu, na kila mara ilikuwa zamu ya Bi Mluzi. Zamu ya mwenzake, dawa ilifanya kazi. Mtunza stoo, mwanamume mwenye funguo nyingi kuliko akili, hakuhitaji zaidi ya hapo. Alisema mtu amenyonya mofini chupani akajazia maji. Nani? Si yule mwenye mume aliyevunjika mgongo!

“Shemeji analalaje siku hizi?” alimuuliza mbele za watu.

“Analala anavyojaliwa.”

“Kwa dawa gani?”

“Vidonge vya hospitali. Njoo uvione.”

Kuitwa mwizi kunauma, lakini kuitwa mwizi kupitia mgongo wa mumeo, lo, hilo huuma mpaka kwenye mfupa. Mkuu wa maabara akaamua: kesho asubuhi chupa mpya itafunguliwa mbele ya wote. Dawa ikifanya kazi, basi ile ya zamani ilichezewa, na Bi Mluzi ataondoka na jina la wizi.

Asubuhi hiyo mumewe, fundi viatu aliyeanguka kutoka kwenye paa, alimshika mkono pale kitandani. Yeye naye alikuwa akipigiwa mluzi kila jioni, mara tu mkewe anapofika mlangoni.

“Leo nitatega sikio,” alisema. “Ukipiga mluzi, nitajua wamekurudishia jina lako.”

Daktari alivunja lakiri ya chupa, mkuu akiangalia. Mtunza stoo alikunja mikono. Bi Mluzi aliambiwa afanye kazi yake kama kawaida, akaenda kwenye sinki la pembeni, chumbani humohumo. Sinki la nje lilikuwa limeziba wiki tatu zilizopita, na tangu hapo vizimba vilioshewa hapo. Mwenzake naye alioshea hapo, ila yule ni mtu wa kununa tu, hasemi wala haimbi.

Panya wa kwanza alikuwa Kibogoyo, mzee wa kundi, aliyekatika jino. Nusu saa ikapita. Bi Mluzi alisugua kizimba kimoja huku jasho likimtoka, na midomo yake, bila yeye kujua, ikafanya inachofanya siku zote akiosha vizimba. Juu, chini. Taa ikawaka.

Moja. Mbili. Tatu. Mkia ukaruka.

“Hii ni chupa mpya!” mkuu alisema. “Ameiba saa ngapi?”

“Basi amewalisha kitu,” alisema mtunza stoo. “Si yeye anayewapa chakula?” Mfa maji haishi kutapatapa.

Daktari alikuwa akiitazama midomo ya Bi Mluzi.

“Mama, hebu toka nje kidogo.”

Ukumbini Bi Mluzi alihesabu vigae, akapotea, akaanza upya. Alipoitwa ndani, Daktari alikuwa ameshika saa ya sekunde.

“Ni Kibogoyo yuleyule,” alisema. “Wewe ukiwa nje, ametulia mpaka kumi.”

Kisha akaeleza polepole, kwa wote. Mwili una wajumbe wake wadogo, peptidi za neva. Wengine hupunguza maumivu. Wengine hupingana na mofini, na mwili huwaachia pale mnyama anapoamini kwamba hatari imepita. Mluzi ulikuwa umewafundisha panya hao kwamba hatari imepita, na tangu vizimba vioshewe humu ndani waliusikia kabla ya taa, dawa ikazimika.

“Sasa piga tena,” Daktari alisema. “Mkuu aone kwa macho yake.”

“Ataumia.”

“Sekunde tatu tu, mama. Halafu umesafishwa.”

Kibogoyo aligeuza kichwa kumtafuta. Bi Mluzi alimtazama, akamtazama mtunza stoo, akafikiria kitanda cha mumewe. Akapiga. Juu, chini. Panya akalegea mwili mzima kwa raha, kisha mkia ukaruka.

Mkuu aliomba radhi mbele ya wote. Mtunza stoo aliondoka na funguo zake. Bi Mluzi hakusikia radhi yoyote. Alikuwa akimtafutia Kibogoyo mbegu ya alizeti mfukoni.

Jioni alifika mlangoni, akakunja midomo, akaikunjua. Akaingia kimya. Mumewe alikuwa amegeukia ukuta, kikombe cha maji mkononi, vidonge vimeshamezwa.

“Wamekufukuza,” alisema. “Basi. Tutaishi hivyohivyo, mke wangu.”

“Hawajanifukuza. Wameniomba radhi.”

“Mbona kimya, basi?”

Akamweleza yote: taa, mkia, wajumbe, Kibogoyo alivyogeuza kichwa. Kwamba vidonge vyake ni ndugu wa mofini, na Daktari alisema kwa binadamu hajui bado kama mluzi huzima dawa. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajigeuza kwa shida, akiuma meno, ili amwone uso.

“Mimi si panya,” alisema. “Nimekungoja kutwa nzima. Piga.”

Alikunja midomo. Pumzi ilitoka, sauti haikutoka.