Sahihi ya Golikipa

Nadhir wa Izki, Oman, haogopi mtu. Miaka ishirini na mbili alikuwa karani mahakamani, kazi yake kulinganisha sahihi za hati za mashamba, na alipostaafu vijana wakamgundua. Kila Ijumaa baada ya sala wanamletea kadi za wachezaji zilizotiwa sahihi, naye anazipitisha chini ya kioo cha kukuzia: hii ya kweli, ile takataka. Bei hufuata kauli yake. Hajapindisha neno hata kwa kadi ya mkwewe, na mkwewe mpaka leo amenuna.

Ijumaa hiyo aliingia Saud, mnunuzi kutoka Sur, na nyuma yake Ghaniya, mdogo wake Nadhir wa tumbo moja.

"Shikamoo, kaka. Nimeamua kuiuza ile kadi yangu ya golikipa. Saud anataka kauli yako tu."

Nadhir aliijua kadi ile. Mwaka walioingia Oman kutoka Tabora, Ghaniya, mtoto wa miaka kumi na miwili, alipasuliwa mguu, akakataa katakata kusimama. Nadhir akamletea hospitali kadi ya golikipa ambaye mtoto alimpenda, ina sahihi, pamoja na salamu: anakuombea dua utembee. Kesho yake mtoto akasimama. Mpaka leo, harusini na matangani, Ghaniya hachoki kuisimulia.

Golikipa mwenyewe Nadhir hakuwahi kumwona. Sahihi aliitia yeye, kijana wa Tabora asiyejua bado kuandika Kiarabu. Alilinakili jina kutoka gazetini kama anayechora picha, kuanzia kushoto kwenda kulia.

Akaiweka kadi chini ya kioo. Kosa lilikuwa wazi: wino umejaa kushoto kalamu ilipotua, umefifia kulia ilipoinuka. Kiarabu huanzia kulia; Mwarabu gani anaanza jina lake mkiani? Akisema ni ya kweli, kauli yake haina maana tena. Akisema ni ya uongo, anamvunja mdogo wake miguu yote miwili.

"Ammi Nadhir, vipi?" Saud aliuliza.

Hakuthubutu kumtazama Ghaniya. Akavuta karatasi, akaliandika jina lile kuanzia kushoto kama siku ile, akaisukuma mbele ya Saud. Saud akatazama karatasi, akatazama kadi. Ghaniya naye akainama, akatazama.

"Uliandika wewe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi. Nisamehe, Ghaniya."

"Na ile dua? Si ulisema ananiombea dua?"

Swali hili ndilo Nadhir aliloliogopa miaka yote.

"Nilikuombea mimi," alisema.

Ghaniya akanyoosha mkono, akaichukua kadi, akaitia mkobani na kufunga zipu.

"Niwie radhi, Saud," alisema. "Hii siiuzi tena."