Ya Pili Ilikuwaje

Jana nilikung'uta gunia kuukuu la chai, na harufu yake ikanirudisha kwenye holi ya kambi ya wachuma chai. Jumapili baada ya kanisa tuliwekewa video, na sisi watoto tulikaa chini juu ya magunia. Mimi na rafiki yangu, binti wa mchuma chai kutoka upande wa ziwa, tulikalia moja.

Jumapili moja filamu iliisha askari wa chuma akilipuka angani na chombo chake.

"Huyo amekufa kabisa," rafiki yangu akasema.

"Atarudi kwa part two."

"Wacha uongo!"

Tulibishana wiki nzima njiani kwenda shule.

Kabla ya hiyo ya pili kufika, vita vya makabila vilizuka. Familia yake iliambiwa irudi kwao, ingawa yeye alizaliwa hapa. Lori likawabeba na magodoro yao.

Ya pili ilikuwa kali kushinda ya kwanza. Askari alitoka kwenye moshi, mkono mmoja umekatika, na holi nzima ikapiga mayowe. Nikageuka.

"Si nilikuambia?"

Upande wake wa gunia ulikuwa mtupu.

Kesho yake shuleni, wenzangu wasiokaa kambini wakaniuliza ilikuwaje.

"Mbaya," nikasema.