Neno Moja la Mzee Mfaume

Mwaka 1973 Mfaume Saburi alikuwa amechoka kuliko hata ile treni aliyopanda kila alfajiri kutoka Soga kwenda kazini Dar es Salaam. Ofisini alikuwa mwangalizi wa kompyuta, mashine iliyojaza chumba kizima, na kwa miaka miwili aliifundisha kupokea amri za Kiswahili: soma, jumlisha, rudia, chapa. Alifanya hivyo kwa ajili ya watu sita wa kwetu Kibaha, wasiojua Kiingereza, walioahidiwa ukarani wa mashine hiyo. Kitabu cha amri kikipitishwa kabla ya Juni kwisha, wangeanza mafunzo. Kisipopita, nafasi zao wangepewa wenye Kiingereza.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa kamati ya kupitisha kitabu hicho, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Amri arobaini zilipita kwa kikao kimoja. Ikabaki moja: neno ambalo programu ingelitumia kujitaja, isirudie jina lake refu kila mara. Mzee Mfaume aliandika "mimi". Mwenyekiti wetu, Ndugu Ponsiano, akavua miwani. Mashine imenunuliwa kwa jasho la wakulima, akasema, halafu ije kutuambia mimi, mimi? Huo si ubinafsi? Mjumbe mmoja akapendekeza "sisi", mwingine "ndugu", wa tatu akataka kwanza matawi ya chama yaulizwe. Kikao kikaahirishwa.

Kiliahirishwa mara tatu, na kila mara tulikunywa chai. Mwenyekiti alitukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Moyoni nilimjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mpiga chapa hana kura. Nilikasirika, na mpaka leo naona haya kwamba nilinyamaza.

Kikao cha nne, Mzee Mfaume alisimama taratibu, ameegemea meza.

"Ndugu Mwenyekiti, mashine haijali. Iiteni hata kiazi. Nina watu sita wanangoja."

Ikapita "sisi", kwa makofi. Lakini azimio lilitaka kila ukurasa uandikwe upya na kila kadi ya kulisha mashine itobolewe upya. Kazi hiyo tuliifanya wawili, yeye kwenye kadi, mimi kwenye taipureta, mpaka vidole vikafa ganzi. Tulimaliza tarehe tisa Julai. Kitabu kilipigwa muhuri, kikasifiwa, kikawekwa kabatini. Darasa lilikuwa limeshaanza wiki moja nyuma, kwa Kiingereza.

Jumapili nilimsindikiza Mzee hadi kijijini Misugusugu, kwa Zubeda, wa kwanza kati ya wale sita. Sanduku lake lilikuwa limefungwa tayari, liko mlangoni. Zubeda alimwamkia Mzee, akamletea kigoda, akauliza aripoti lini. Mzee Mfaume alikaa.

"Mwanangu," akasema, "lile shamba lako la mihogo bado unalo?"

"Nimeshamgawia mdogo wangu, Mzee. Si mlituambia tujiandae?"