Boti Isiyo na Benchi la Katikati

Mtaani walimwita Nahodha, ingawa kwa miaka thelathini ya uvuvi hakuwahi kuamrisha chochote majini isipokuwa ndoo. Boti yake ya alumini ilikuwa na urefu wa hatua tano, mashine ndogo nyuma, na mabenchi matatu yaliyokatiza toka ubavu hadi ubavu, hivyo aliyetaka kwenda mbele alivuka kama mkimbiaji wa viunzi. Alivuka vizuri mpaka nyonga ya kulia ilipogoma. Daktari aliifungua, akaitengeneza, akamwambia mguu utambeba lakini hautakunjika tena kama zamani. Nahodha alishukuru sana, kisha akauliza, "Na benchi nitalivukaje?" Daktari, aliyesomea mambo mengine, alimwambia apumzike.

Alipumzika miezi mitano. Katika muda huo alirekebisha bawaba zote za nyumba, zikiwemo zilizokuwa nzima. Siku aliyojaribu boti alinasa kati ya benchi la katikati na la nyuma, na majirani wawili wakamtoa kama gunia. Mkewe alikuwa pale ukingoni, akaona yote.

"Baba watoto, mwalimu wa sekondari ameiulizia hiyo boti mara tatu," alimwambia walipofika nyumbani. "Nakupa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Uingie, ukae, utoke, pasiwe na mkono wa mtu. Ukiweza, boti ni yako. Ukishindwa, mwalimu aje aichukue."

Nahodha hakubisha. Huyu ndiye aliyemwogesha miezi miwili ya kwanza, na mtu aliyekuogesha ukiwa na ndevu ana haki ya kukuwekea masharti.

Fundi aliyepatikana wa kuliondoa benchi la katikati alikuwa kaka wa mkewe, mtengenezaji wa madirisha ya alumini, mtu makini aliyeamini kwamba kila kitu duniani ni dirisha ambalo halijapigwa pembe sawasawa. Boti hakuwahi kupanda. Alifika na grenda la kukatia, futi ya kupimia na pima maji ya kuhakikisha kitu kimelala sawa.

"Shemeji, pima maji ya nini? Hiki chombo kinaishi kwenye mawimbi."

"Kikitoka kwangu kimenyooka, kikipinda huko mbele kosa si langu."

Boti ikiwa juu ya matairi manne uani, alilikata benchi la katikati kwa nusu saa, mkato safi kabisa. Nahodha alitembea kutoka nyuma hadi mbele bila kuinua mguu. Akageuka, akarudi. Akaenda tena. Fundi alipima upana ili akate plaiwudi ya sakafu, akakunja uso, akapima upya.

"Futi yangu imelegea."

"Futi ya chuma inalegeaje?"

"Basi boti yako imenenepa."

Ilikuwa imenenepa kweli, vidole vinne. Benchi lile, ambalo wote walilidhani kiti, ndilo lililokuwa limezishika mbavu zisiachane. Fundi, ambaye asingethubutu kuondoa nguzo ya kati ya dirisha lolote kabla ya kuegemeza kitu, alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Nilirudishe?"

Kulirudisha ilikuwa kazi ya saa moja. Nahodha aliutazama mguu wake, kisha boti.

"Lirudishe tu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai asiyoitaka.

"Usimsikilize!" mkewe aliita kutoka dirishani. "Kaka, ule mlango mpana uliouweka dukani, katikati kuna nguzo?"

"Hakuna."

"Na mbona haujapanuka ukaanguka?"

"Umeshikwa chini na bomba..." Fundi aliinuka kwenye ndoo.

Mweka sharti alirudi kwenye sufuria zake, na hakuona ajabu yoyote kwamba amegeuka wakili wa mshtakiwa.

Kazi ilichukua siku nne. Mbavu zilivutwa kwa mkanda wa mizigo mpaka zikarudi mahali pake. Mabomba matatu yalilazwa chini, ubavu hadi ubavu, kila mwisho ukafungwa kwa bamba la pembe. Plaiwudi ikaja juu yake, tambarare kama ukumbi. Masanduku mawili marefu yalikaa pembeni, la zana na la samaki. La samaki lilikuwa na mfuniko wa kusukuma kama dirisha, pamoja na kufuli.

"Samaki atatorokea wapi, shemeji?"

"Kufuli inakuja na seti."

Mbele kabisa alifunga kishikio kikubwa cha mlango wa duka.

Jumamosi pua ya boti ililala mchangani. Nahodha alishika kishikio, akapeleka mguu mgumu kwanza, mzima mzima, kama anayefungua geti. Fundi alinyoosha mkono. Dada yake akaupiga kofi.

"Toa mkono, utamharibia!"

Mguu wa pili ukafuata. Akatembea mpaka nyuma, akakaa, akaunyoosha mguu wote pale lilipokuwa benchi.

"Sasa toka," mkewe alisema.

"Ngoja kidogo."

"Toka kwanza, utakaa baadaye!"

Alitoka. Alipepesuka hatua moja mchangani, na hakuna aliyemgusa. Mkewe alitoa simu, akamwambia mwalimu samahani, haiuzwi, kisha akageuka upande mwingine, akajifuta uso na kulaumu vumbi.

Nahodha, ambaye maisha yake yote alitoa shukrani kwa njia ya malalamiko, alimwambia fundi kwamba kishikio kimekaa kushoto kidogo. Akatafuta lawama nyingine, akakosa.

"Asante, shemeji," alisema. "Na wewe, mama watoto. Asante."

Fundi, akiona haya, alisema kishikio kinaweza kusogezwa.

"Kisogeze tuone kama hatutagombana," alisema Nahodha, akiwa tayari amekishika tena.