Alama Nyekundu kwenye Daraja la Matete

Juzi mjukuu wangu alikoroga unga wa muhogo kwenye kopo apate gundi ya kubandikia kishada chake, akausahau mekoni ukashika chini. Ile harufu ya kuungua, yenye uchachu kidogo, ilinikalisha kwenye kigoda, nikacheka peke yangu. Msidhani nimerukwa na akili. Hivyo ndivyo lilivyonuka daftari langu la darasa la sita, kule Makindye, enzi za utawala wa wanajeshi.

Mimi ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Wenzangu walikimbilia uwanjani, mimi nilibaki jikoni kumsumbua mama. Kwa hiyo Mwalimu Lubega wa sayansi alipotuambia kila mmoja ajenge daraja la matete litakalobeba tofali, nilifurahi: kazi ya kukaa! Lakini alikuwa na masharti. Kwanza uchore. Kisha, kabla ya kupandisha mzigo, utie alama nyekundu pale unapodhani litavunjika, na uandike sababu. Ulivunje, utazame, uchore tena.

"Sitaki daraja zuri," alisema. "Nataka kujua kama unalijua lako."

Langu la kwanza liligugunwa na panya kwenye maungio yote, maana gundi yake ilikuwa uji wa muhogo. Mama, ambaye unga ulikuwa wake, alisema, "Zaituni, hao panya wana akili kuliko mwalimu wenu." La pili nililifunga kwa nyuzi za mgomba. Nikalichora, nikatia alama nyekundu katikati, nikaandika kwa herufi kubwa: HAPA LITAVUNJIKA.

Asubuhi ya jaribio nikatoka na daraja kichwani, kwenye ungo, daftari kwapani. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja alilichukua daftari, akalifunua, akasoma polepole huku midomo ikicheza.

"Wewe toto, hii iko nini?"

"Daraja, afande."

"Na hii nyekundu?"

"Hapo ndipo litakapovunjika, afande."

Mwenzake akasogea, bunduki begani. "Nani nafundisha wewe kuvunja daraja?"

Nikanuna. Wiki mbili nimekata matete mpaka vidole vimechanika, halafu mtu afikiri nimesaidiwa!

"Hakuna. Nimebuni mwenyewe."

"Nasema nani?"

"Mimi, afande! Kama hamwamini, wekeni mawe muone."

Wakatazamana. Yule wa kwanza akalilaza daraja juu ya matofali mawili, akachuchumaa, akaanza kupanga mawe, moja moja. Mwenzake naye akainama, bunduki ikimponyoka begani, wote wawili wakikodoa macho kama wanafunzi wa darasa letu. Kwenye jiwe la tisa daraja likalia ka! Mguu wa pembeni ukakatika, mbali kabisa na alama yangu.

"Hata kuvunja hajui!" yule wa kwanza akaangua kicheko. Akauchana ukurasa ule, akautia mfukoni, akanirushia daftari. "Kwenda shule!"

Nilifika nikilia, si kwa hofu, kwa uchungu wa daraja langu. Nikamsimulia Mwalimu mbele ya darasa zima. Akaketi ghafla kwenye dawati la mbele, magoti yakimfika kidevuni.

"Walitaka jina la nani?" akauliza taratibu.

"La aliyenifundisha. Nikawaambia hakuna."

Akajipangusa uso kwa kitambaa cha ubao, nyusi zikawa nyeupe kwa chaki, darasa likacheka. Kisha akauliza, "Na lilivunjikia wapi?"

"Mguuni."

"Kwa nini mguuni?"

Tukarudi kuchora. Ila tangu siku ile hatukutia tena alama nyekundu. Kila mmoja alimnong'oneza Mwalimu sikioni daraja lake litavunjikia wapi.

Nilikuwa nimeshazaa ndipo nilipoelewa kwa nini alikaa ghafla vile. Jirani yetu alikuwa ametiwa na wanajeshi kwenye buti ya gari kwa neno dogo kuliko yale niliyoandika, na hakurudi. Mwalimu alimwambia mama kwamba amezaa shujaa, mama akawaambia majirani, na mimi sikumkanusha mtu. Ninyi ndio wa kwanza kusikia ukweli: sikumficha Mwalimu hata kidogo. Nilitaka sifa zote ziwe zangu. Lau wangeuliza ni nani wa kulaumiwa kwa kuvunjika kwa daraja, ningemtaja papo hapo, na nyumba yake ningewaonyesha.